Ngazi Iliyoitwa Stoo

Jumatatu, 4 Machi

Meli imepandishwa chelezoni. Ajabu kuiona kavu! Tumbo lote nje, kutu na kome walioganda, kama bibi kizee aliyevuliwa nguo mbele za watu. Miaka ishirini na miwili natandika vitanda humu, sijawahi kuliona tumbo lake. Nikageuza uso.

Abiria hakuna. Tumebaki mimi msimamizi wa vyumba, watu wa dobi, wapishi wawili, walinzi. Na mafundi, wengi kama siafu. Mkuu wao ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Kazi hii kaipata mwaka huu. Nyumbani tulipiga vigelegele.

Jumanne, 5 Machi

Nimepewa kazi ya kumtembeza msanifu. Binti mdogo, miwani mikubwa, ananiita mama. Michoro aliyopewa ni ya ukarabati uliopita, na haisemi ukweli wote.

Tulianzia juu. Sitaha ya nane, bwawa la kuogelea: vigae vimeng'oka, litafunikwa pawe baa. Ya saba, ukumbi wa dansi: zile nguzo nne mbele ya jukwaa zinabaki, maana zikitolewa dari litatuangukia. Ya sita na ya tano, vyumba, mia mbili arobaini na kimoja. Nikamwonyesha kipi kinavuja, kipi kinanuka vitunguu vya jikoni, kipi mlango wake haufungi bila teke. Lifti mbili, moja mgonjwa wa kudumu.

"Mama, wewe ndiye mchoro wenyewe!"

Nikacheka. Lakini kichwa kilivimba kidogo.

Jumatano, 6 Machi

Leo chini, sitaha ya pili. Dobi. Mkuu wa hapo ni Mama Pasi — jina lake halisi tumelisahau sote, pengine hata yeye. Alimkaribisha msanifu akae juu ya ndoo. Joto la kuivisha yai. Watu kumi na wanane wanafua hapo, na wanalala korido hiyohiyo.

Nyuma ya mashine kuna mlango wa chuma. Nyuma ya mlango, ngazi nyembamba inayopanda moja kwa moja hadi sitaha ya tano, nje kwenye upepo. Msanifu akatazama ngazi, akatazama mchoro, akatazama ngazi.

Mchoro unasema: stoo.

Na mpango mpya unasema "stoo" iondolewe, chumba cha masaji cha sitaha ya tatu kipanuliwe. Maana yake ngazi inazibwa.

Ijumaa, 8 Machi

Tumepima kwa saa. Mama Pasi, na goti lake bovu, kwa ngazi hii: dakika moja na nusu. Kwa njia nyingine — korido yote hadi tezi, nyuma kabisa ya meli, mlango wa jikoni, ngazi kuu — dakika sita. Na hiyo ni taa zikiwaka, na mlango wa jikoni ukiwa wazi. Wapishi wakitoka huufunga.

Mwaka ule mashine ya kukaushia iliposhika moto, nilikuwa nimeshuka kuchukua mashuka. Hatukuona hata mikono yetu. Tulitoka sote kwa ngazi hii, tumeshikana nguo kama watoto wa chekechea.

"Sasa moshi ukija tena?" Mama Pasi aliuliza huku akisugua goti.

Msanifu aliinamia mchoro. Alikuwa anaandika.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemwambia shemeji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, mimi najenga kilichochorwa."

"Kilichochorwa ni uongo."

"Abiria wanapanda tarehe thelathini. Mchoro ukibadilika lazima urudi kwa wakaguzi, wiki tatu. Wa kufukuzwa atakuwa nani? Mimi."

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alishika kikombe kwa mikono miwili, kama mwenye homa.

Jumapili, 10 Machi

Mdogo wangu kapiga simu. Alijua kila kitu.

"Dada, miaka minne mume wangu alikaa bila kazi. Uliona mwenyewe."

Niliona. Nilimwona akiosha gari la jirani, akijifanya anapenda magari.

"Kwani hao wa dobi ni nani wako?"

Swali gani hilo! Nikasema wasalimie watoto. Nikakata.

Jumatatu, 11 Machi

Msanifu alimwandikia mwenye meli. Jibu limekuja asubuhi: ahsante, rudi ofisini. Saa nne kaondoka na begi lake. Alilia kidogo, mimi nikamfunga zipu.

Nimemwomba nahodha nafasi. Msaidizi wake anasema mambo ya ujenzi nimwone shemeji. Shemeji anasema mambo ya meli nimwone nahodha. Napigwa danadana.

Jumatano, 13 Machi

Saa tatu asubuhi. Naandika nikiwa ngazini.

Mafundi wawili wamekuja na mabamba ya chuma na mashine ya kuchomelea. Wamenikuta nimekaa.

"Mama, tupishe."

Nikasema ngojeni nimalize kuandika. Wakacheka. Sasa hawacheki.

Shemeji kaja. Kaniita dada mara tatu, ya tatu kwa sauti ndogo. Nikamwambia, "Chomelea tu, baba. Mimi nitabaki upande huu." Akaenda kumwita nahodha.

Naandika haraka, mwandiko huu sijui kama nitausoma.

Mama Pasi kapanda, kakaa kidato cha chini yangu. Nyuma yake wengine watano, mikono bado ina povu. Mashine za dobi zimezimwa. Simu yangu inaita. Mdogo wangu. Naiacha iite.

Nahodha amefika, na shemeji nyuma yake. Anatutazama mmoja mmoja, halafu anatazama juu kule mwanga unakotokea.

"Niliambiwa hapa ni stoo," anamwambia shemeji. "Ulijua?"

Shemeji kavua kofia ya kazi. Ananitazama mimi. Anafungua mdomo —