Dole Langu Kwenye Barua Tatu za Onyo

MAELEZO YA SHAHIDI: TUHUMA YA KUGHUSHI BARUA ZA ONYO KIWANDANI

Jina: la cheti analo afande, kiwandani naitwa Chapuchapu
Umri: miaka 22
Kazi: fundi wa mashine ya kukata maboksi
Makazi: nyuma ya kiwanda, chumba kimoja na mjomba wangu

Kwa kukata maboksi hakuna wa kunigusa, afande andika hivyo. Nilifundishwa na mjomba, kaka wa mama, aliyeikalia mashine ile miaka kumi na tisa. Kuandika hajui, huweka dole. Mimi nasoma, ila maandishi makubwa. Madogo nawaachia wenye miwani.

Mnamo tarehe 4 Machi, saa nne na robo asubuhi, mashine ilimkata mjomba dole gumba la kulia. Kinga ya kisu ilikuwa imevunjika tangu Januari. Aliyezima umeme ni mimi. Dole lilizolewa pamoja na taka za karatasi.

Mnamo tarehe 20 Machi, saa nane mchana, mjomba akiwa bado hospitali, msimamizi tunayemwita Rula aliniita ofisini. Mezani palikuwa na karatasi tatu na kidau cha wino. Akasema, "Chapuchapu, mpokelee mjomba wako glavu. Weka dole hapo, la kulia." Juu paliandikwa ONYO, kubwa, nikalisoma. Kwenye mashine yetu pia limeandikwa ONYO, kwa rangi nyekundu, na chini yake mchoro wa mkono. Nikajua ni habari za glavu. Nikamwambia, "Hata kumi lete." Nikapiga madole matatu, safi kabisa. Glavu sijaziona mpaka leo.

Tarehe 2 Aprili mjomba aliachishwa kazi kwa uzembe. Siku hiyohiyo nikapewa mashine yake. Nilifurahi, sifichi.

Mjomba akashitaki mahakama ya kazi. Jana saa tano nilikaa nyuma kabisa. Wakili wa kiwanda alitoa barua tatu za Januari na Februari, eti mjomba alionywa kabla ya ajali na akaweka dole. Mjomba akasema si lake. Wakili akamwambia, "Basi lete lako tulinganishe." Watu wakacheka. Mjomba akainua mkono wenye vidole vinne. "Nililiacha kwenye mashine yenu, mwanangu."

Alama zile nilizijua. Dole langu lina kovu la wembe katikati. Sikusimama.

Njiani akaniuliza, maana sisi huitana mjomba wote wawili, "Mjomba, wewe ulikuwepo siku zote. Hukuona kitu?" Nikamjibu, "Mimi naona maboksi tu." Akacheka. Tulipofika akanipa ufunguo nifungue mimi. Kitasa chetu kigumu, yeye sasa hawezi kukizungusha.

Hukumu ni Ijumaa. Hajui niko hapa. Madole yale matatu ni yangu. Mashine wataninyang'anya, na ufunguo wa chumba sijui kama atanipa tena.

Nimeyasema haya mwenyewe, sikusukumwa na mtu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Shahidi alikataa kusomewa. Alisoma mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno, dakika arobaini, ndipo akasaini. Alama ya dole gumba la kulia imechukuliwa kwa ulinganisho. Ina kovu katikati.