Mshipi wa Mwenyekiti na Utepe Uliokataa Kukatika

KAMATI YA UTEPE WA SUMAKU, KIWANDA CHA PENROW CHA MASHINE ZA HESABU
Alhamisi, 9 Machi 1950, ghorofani juu ya duka la kofia, Philadelphia

Waliohudhuria: Bw. Horace Trimble (Mwenyekiti), Bi. Lucille Abernethy (hesabu), Bw. Stanley Wojcik (mota), Bw. Elmer Fenstermacher (stoo, Katibu).
Hakuhudhuria: Bw. Quill. Sababu: jino.

KUMB. NA. 1/9/50: UTEPE
Mwenyekiti alieleza kwamba utepe wa shaba unaotunza tarakimu ulikuwa ukikatika kila mashine ikianza kwa kishindo, ila wiki tatu sasa haujakatika. Aliuliza sababu. Bw. Wojcik alisema ni mota zake. Bi. Abernethy alisema ni hesabu zake, kwani mota za Bw. Wojcik "zinaanza kama punda aliyechomwa sindano." Dakika arobaini zilitumika.

KUMB. NA. 2/9/50: WIZI
Mwenyekiti alieleza kwamba mshipi wake mpya wa nailoni wa kuvulia ulitoweka drooni wiki tatu zilizopita, na samaki wameshaanza kupanda mto Delaware. Bw. Wojcik alionekana kwenye droo hiyo. Barua ya kumfukuza kazi ilikuwa imeshachapwa.

Bw. Wojcik alisema, "Mzee, mimi samaki hata siwali. Nilikuwa natafuta bisibisi."

Katibu aliomba kusimama. Alisema mwizi ni yeye.

"Zile kapi, vigurudumu vinavyobana utepe usilegee, kamba yake ya pamba ilikuwa inavutika kila siku. Nikaona mshipi umelala tu drooni, nikaufunga badala yake. Nikasema nitaurudisha Jumatatu. Jumatatu mashine ikawa inakwenda vizuri, nikaogopa kuutoa. Kesi ikamwangukia Stan, nikaogopa kusema. Wiki tatu nakula naye meza moja. Nisamehe, Stan."

Bw. Wojcik alisogeza kiti chake mbali na cha Katibu.

Mwenyekiti aliagiza mshipi utolewe papo hapo na kamba ya pamba irudishwe. Ilirudishwa. Mashine ikawashwa, utepe ukakatika, ncha yake ikapunguza urefu wa tai ya Mwenyekiti.

Bi. Abernethy alisema, "Wateja wanakuja Jumanne, Bwana Mwenyekiti. Unataka samaki au utepe?"

Mwenyekiti aliomba muda wa kufikiri. Alipewa dakika mbili. Aliomba nyingine.

Iliamuliwa: mshipi ubaki kwenye mashine, kwenye michoro uitwe "kiungo cha mvuto", uvuvi usitajwe, barua ichanwe. Bw. Wojcik aliichana mwenyewe, vipande vidogo.

KUMB. NA. 3/9/50: KATIBU
Mwenyekiti alipendekeza Katibu avuliwe ukatibu. Bw. Wojcik alipinga.

"Nina hasira naye, na mchana nitakula peke yangu mpaka ziishe. Lakini mtu anayejiandika mwizi kwa mkono wake mwenyewe, mzee, hata wewe hatakupunguzia neno kwenye kumbukumbu."

Bi. Abernethy aliunga mkono. Katibu hakupiga kura. Iliamuliwa abaki.

Watu walitawanyika saa 11:20 jioni.

E. Fenstermacher, Katibu

H. Trimble, Mwenyekiti (ametia saini baada ya kuomba habari za dakika mbili zifutwe, na kukataliwa)