Kichuguu cha Mama Domi

Jumatatu, 4 Oktoba
Kerengende wa kwanza, saa nne asubuhi, juu ya pipa la maji. Mwaka jana alikuja tarehe tisa. Vipepeo bado. Vumbi la Mwandiga limeingia mpaka kwenye daftari.

Mama Domi, anayekaa kijumba cha nyuma, anasema jana aliona kipepeo mweupe bondeni. Sikuandika. Daftari hili ni la nilichokiona kwa macho yangu. Nimewafundisha hivyo watoto wa watu mpaka nikastaafu, sitaanza leo kuandika ya kusikia.

Jumatano, 6 Oktoba
Vipepeo weupe. Thelathini na mmoja kabla ya chai, wote wakielekea ziwani. Nimefurahi, nisiseme uongo.

Mama Domi kanicheka. "Mwalimu, wa kwanza wako ni wa tatu wangu!" Ana mdomo huyu. Anasema kumbikumbi, yeye huwaita iswa, watatoka baada ya mvua ya pili. Ameshachomeka kijiti kwenye kichuguu kando ya mihogo. Huku kijiti kikishachomekwa, kichuguu kina mwenyewe. Hata mwizi wa kuku hakigusi. Shamba ni langu, lakini kichuguu ni chake mwaka wa kumi na moja huu, tangu alipofika na Domi mgongoni wakikimbia vita kwao. Sasa Domi ni msichana, anajifunza kushona kwa fundi huko Gungu na analala huko huko.

Ijumaa, 8 Oktoba
Balozi wa nyumba kumi kaja na karatasi. Niandike wote wanaolala hapa na walikotoka. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri. Mimi, Mwandiga. Mama Domi, Burundi. Balozi akaiangalia karatasi, akaniangalia mimi. "Mwalimu, una hakika?" Nikamjibu kwamba ukweli ni ukweli. Akaondoka bila kumaliza maji niliyompa.

Mvua ya kwanza alasiri. Ya kulaza vumbi tu.

Jumamosi, 9 Oktoba
Tangazo limepita. Wakimbizi wote walio nje ya kambi wapelekwe kambini. Lori Jumatano. Ile karatasi ilikuwa ya kazi hiyo.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu wapo wawili waliovuka mpaka mwaka mmoja na Mama Domi. Wameandikwa shangazi na binamu kutoka Kasingirima, kule mjini. Wanabaki. Kila mtu alielewa kilichokuwa kinaulizwa isipokuwa mimi niliyesoma.

Tena sikumwona Mama Domi akizaliwa Burundi. Nilisikia. Nilichokiona kwa macho yangu ni mwanamke akipalilia mihogo Mwandiga miaka yote hii. Hicho sikukiandika.

Jumanne, 12 Oktoba
Kwa balozi: karatasi imeshakwenda mjini. Nimeifuata mjini. Karani kanionyesha. "Si mwandiko wako huu, mzee?" Ni wangu. Nikasema nilikosea. Akauliza mtu anakoseaje nchi nzima. Watu kwenye foleni wakacheka. Nilistahili.

Niliporudi nikamweleza Mama Domi mwenyewe. Alikuwa anafunika kichuguu kwa majani ya migomba, ameacha tundu moja na chungu chini yake. Hakusimama. Ningekuwa mimi, ningetukana mpaka kizazi cha saba. Yeye kasema tu, "Ungeniuliza, Mwalimu."

Jumatano, 13 Oktoba
Lori saa tatu. Godoro, sufuria mbili, jembe. Domi kaja kumuaga mama yake. Analia. Hakuniamkia. Tangu aanze kusema hajawahi kunipita bila shikamoo.

Mama Domi alipokwisha kupanda akaniita. Nilidhani sasa ndiyo matusi yanakuja. "Iswa wakitoka, usiwaachie kuku." Lori likaondoka.

Vipepeo: sikuangalia.

Jumapili, 17 Oktoba
Mvua ya pili alfajiri. Kumbikumbi wakatoka saa mbili, wakashukia kwenye chungu kama alivyosema. Nimefukuza kuku mpaka saa tano, mgongo wote unauma. Nimewakaanga bila mafuta, chumvi nimekisia. Nimeanika.

Sijaonja hata mmoja. Kichuguu kina mwenyewe.

Jumanne, 19 Oktoba
Wamekauka. Nimepeleka mfuko Gungu, Domi aufikishe kambini. Kaupokea kwa mikono miwili. Shikamoo kaitoa, ila akiangalia cherehani.

Nyumba kimya. Nimepika ugali wa watu wawili, nimekula wa mmoja.

Alhamisi, 28 Oktoba
Domi kaja mwenyewe kutoka kambini, na mfuko mtupu umekunjwa vizuri. Kakaa, kanywa chai. Mama yake mzima. Analalamikia matope na majirani. Kumbikumbi kawala. Anasema nilizidisha chumvi, Mwalimu gani asiyejua kukaanga.

Na ameagiza niambiwe hivi: huko iswa walitoka Ijumaa iliyopita, kichuguu kilikuwa hakina kijiti, yeye keshachomeka chake.

Domi alipoondoka nimefungua daftari. Kumbikumbi, kambini, Ijumaa tarehe 22. Ameona Mama Domi.

Kisha nikarudi nyuma. Juu ya kerengende wangu palikuwa na nafasi ndogo. Nimeandika kwa herufi za kubana: Jumapili, 3 Oktoba. Kipepeo mweupe wa kwanza, bondeni Mwandiga. Ameona Mama Domi, wa Mwandiga.