Sahihi ya Ukurasa wa Tano

Chumba cha Nyuma,
Kiwanda cha Uchapaji cha Mjomba,
S.L.P. 418.

12 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Kabla ya lolote, niambie: kifua chako kimepona? Na mapacha, meno yameshatoka au bado wanawanyima usingizi? Sisi huku wazima wa mwili. Ya moyoni nayaleta polepole, usinihimize.

Barua yako ilifika. Niliisoma mara tatu chooni, maana ndiko mahali pekee penye komeo katika kiwanda hiki. Chuo cha usanifu wa vitabu kimenipa nafasi! Na jibu wanalitaka kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo. Nilicheka peke yangu mpaka mkata karatasi akagonga mlango kuuliza kama naumwa.

Ikabaki kumwambia mjomba. Unamjua Mzee Rula. Wewe ulimuaga ukiwa umeshavaa viatu, ukaniachia mimi mzigo. Ametulea tangu mama afariki, na mimi akanifundisha kompyuta, safu, pambizo, ukubwa wa herufi, na kuachia mistari nafasi ili jicho lipumue. Kila mteja akiingia, ananionyesha kwa ile rula yake ya chuma: "Huyu ndiye kiwanda." Nikiisikia sentensi hiyo, naona mlango umefungwa na ufunguo umetupwa. Miaka sita nimekaa kiti kimoja kinachotazama ukuta. Mara ngapi nimefungua mdomo nimwambie, nikaishia kumuuliza kama atakunywa chai!

Basi nikaona nitumie njia yetu ya kazi. Tunapanga kijitabu cha shule ya jirani, kurasa kumi na sita, na mwalimu mkuu amechelewesha maelezo ya ukurasa wa tano. Maandishi yakichelewa, tunajaza ukurasa kwa maneno yoyote tuone safu zitakavyokaa, kisha yakija ya kweli tunabadilisha. Mjomba husoma hata hayo ya kujazia. Mwaka juzi nilijaza kwamba viatu vyake vimefungua midomo vinaomba chakula. Akanirudishia prufu, zile kurasa za kukagua, na kalamu nyekundu juu yake: "Viatu niachie mwenyewe. Wewe punguza pambizo."

Safari hii nikajaza hivi: "Mjomba, nimepata chuo. Nataka kuondoka mwisho wa mwezi. Ulichonipa sitakisahau. Naomba baraka zako, nisiondoke kama mwizi." Nikayarudia mpaka safu zote mbili zikajaa. Nikamwekea prufu mezani, nikatoka nje.

Saa sita nikazikuta kurasa zote zimetiwa sahihi. Hata wa tano: "Sawa. Ichapwe." Na unajua sheria ya humu, kilichotiwa sahihi hakina mjadala. Lo! Dada, nililia kwa furaha. Nilishusha begi kutoka juu ya kabati, nikaanza kumfundisha mkata karatasi kuwasha kompyuta yangu, naye akiigusa utadhani inang'ata.

Kesho yake nikautazama tena ule ukurasa. Mzee Rula, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kutia sahihi nje ya kisanduku chake pale chini, safari hii ameitia kimshazari, katikati ya safu, juu ya maneno yangu. Nikaziangalia kurasa nyingine. Zote hivyo hivyo.

Sikutaka kuamini. Saa nne asubuhi, dirisha wazi, jua limejaa mezani, nikamuuliza ameuonaje ukurasa wa tano. Akausogeza karibu na pua, akausogeza mbali, akaugeuzia dirishani.

"Hebu nisomee, mama. Mwanga wa humu umekuwa mbaya siku hizi."

Nikaishika karatasi. Maneno yangu yako pale pale, kazi ni kuyasoma tu. Nikasoma: "Shule yetu ilianzishwa na wazazi kumi na wawili, kwa darasa moja lisilo na mlango..." Nikatunga hivyo hivyo mpaka mwisho wa safu. Akatikisa kichwa, ameridhika.

"Mwalimu mkuu kaandika vizuri. Na wewe umempangia vizuri."

Haoni, dada, na anadhani hatujui. Sasa ndiyo nakumbuka miezi yote ya "soma wewe, nimechoka." Nitamburuta kwa daktari wa macho hata kwa ugomvi. Lakini nani atamsomea nikienda? Nina hasira naye, natamani kuivunja ile rula, na nampenda, vyote viwili kwa pamoja. Waambie chuoni nafasi wampe mwingine. Usinibembeleze. Ukinibembeleza nitakuja, na sitajisamehe.

Msalimie shemeji, umbusu kila pacha shavu lake, na mama mkwe wako mwambie kitambaa alichonipa bado nakivaa. Mungu awafunike nyote kwa rehema, usiku na mchana.

Mjomba anakusalimu sana. Amesimama nyuma yangu sasa hivi, mkono begani kwangu, ameinamia karatasi hii, ananiambia mwandiko wangu umependeza. Sijaifunika.

Mdogo wako asiyekusahau,
Chiriku