Karatasi ya Maji ya Jumatano

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika tangu asubuhi lakini anga bado limenuna, na mimi situlii. Nimefagia chumba mara mbili, na chumba chenyewe unakimaliza kwa hatua nne.

Nikiri mapema: nilivimba kichwa. Kamati ya kanisa letu hapa Point, mtaa wa kando ya bahari huku ugenini, wengi wao Wakongomani, iliniuliza kama bahari ni salama kwa ubatizo wa kesho, kwa kuwa mimi, Mkenya wao, nasomea maji na siku nzima niko maabara. Jumatano nikachota chupa moja ufukweni, Alhamisi nikasoma majibu: safi. Nikawachapia karatasi. Ikasomwa mbele ya watu, wakapiga makofi. Mchungaji akasema safari hii tumeamua kwa ushahidi, si kwa kukisia.

Sikuwaambia kwamba karatasi ile ilihusu maji ya Jumatano.

Vijidudu vya maji taka havionekani kwa macho. Unavilisha kwenye sahani, unaviweka siku nzima kwenye kabati la joto, ndipo yanatokea madoa ya kuhesabu. Kila jibu linakufikia limechelewa siku moja. Sisi wa maabara tumelizoea hilo mpaka tunasahau kulisema. Na jana mvua ilinyesha usiku kucha, mito ikasomba kila kitu hadi baharini.

Leo asubuhi nikaenda saluni kwa Mama Béatrice, mwenyekiti wa kamati. Alikuwa anamsuka mteja. Nikamwambia karatasi yangu haina kazi tena.

"Ma soeur, dada yangu, juzi ulisema mayi iko muzuri," akasema bila kuinua macho. "Leo iko mubaya?"

"Leo sijui, Mama."

"Eish. Hujui, na koko anarudia Lubumbashi Jumatatu."

Koko ni mama yake mzazi. Amekuja kubatizwa mbele ya wajukuu, na ameapa ni baharini au basi, maana hajawahi kuiona bahari maishani mwake. Mguuni ana kidonda ambacho hakijafunga. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikamwomba kitu kimoja: ubatizo usogezwe kutoka saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Nikichota maji sasa hivi, kesho saa saba nitakuwa na jibu. Hata hilo litakuwa la maji ya leo, nikalisema mara mbili ili lisinipite tena. Mama Béatrice akamaliza msuko aliokuwa ameushika, akampigia mchungaji simu. Wamekubali. Jibu likiwa baya, koko anapanda ndege bila kubatizwa.

Sasa sahani iko kabatini, na mimi niko hapa naomba itoke bila doa hata moja.

Sijawahi kuombea jibu.

Hilo ndilo linalonikosesha raha kuliko mvua. Nikilitaka hivi, kesho macho yangu yataliona doa dogo la pembeni, au yatalipita?

Nimemwandikia Thandeka, mwenzangu wa maabara, aje ahesabu yeye. Amejibu neno moja tu la huku: sharp, yaani sawa.

Sijamwambia maji ni ya nani, asije naye akaombea.