Usitume Pipa Tena

Pangai, Kisiwa cha Lifuka,
Ha'apai, Tonga.
12 Agosti 2023

Mpendwa mdogo wangu Seini,

Pokea salamu za nyumbani, wewe na Sitani na watoto. Natumaini baridi ya huko Auckland imewahurumia mwaka huu na kifua cha Sitani kimetulia. Sisi hatujambo. Goti la mama ni lilelile, asubuhi linagoma, mchana linamruhusu kufika kanisani. Mvua imenyesha na tangi limejaa.

Pipa lako limefika na meli ya Jumanne. Ahsante sana. Nyama ya kopo, sabuni ya unga, mashuka, biskuti, vyote vimefika salama. Boksi la biskuti nimelifungua nikakuta mfuko, ndani ya mfuko vipakiti, na ndani ya kila kipakiti biskuti mbili. Tulizimaliza kabla chai haijapoa. Makaratasi yake yalijaza beseni.

Sikulaumu, ila nina sababu ya kuangalia mambo hayo. Tangu Januari mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, na tumeamua taka zipungue. Shimo la kijiji limefika ukingoni mwa mashamba ya viazi vikuu, na plastiki ikichomwa moshi unaingia darasani. Sasa dukani tunakwenda na pakacha. Sukari inapimwa kutoka kwenye gunia, inamiminwa kwenye kopo langu mwenyewe, na mafuta nakwenda na chupa. Mwenye duka mwanzoni alinitazama kama mtu aliyekuja kuomba. Siku hizi ameyatundika mapakacha mlangoni, anayauza yeye. Sherehe ya kanisa mwezi wa Juni tulipakua kwenye makuti na majani ya migomba, hapakuwa na sahani ya plastiki hata moja. Mabaki walikula nguruwe.

Kila mwezi tunapita nyumba kwa nyumba kukagua ua na jiko, kama walivyofanya kina mama wa zamani, ila sisi tunatazama pia mtu kanunua nini na anatupa wapi. Nyumba iliyoshindwa inatajwa mkutanoni mbele ya wote. Mimi nimeshataja tisa, na maneno sikuyapunguza. Unanijua.

Juzi Alhamisi ikafika zamu ya nyumba yetu. Fusi, yule binti wa mwalimu uliyesoma naye, akainua pazia la chumba cha mama. Uvunguni, nyuma ya kabati, mpaka usawa wa dirisha, yamepangwa makopo yaliyooshwa, mifuko iliyokunjwa na ndoo za plastiki zilizoingizwa moja ndani ya nyingine. Ukutani yamesimama mapipa saba, na lako la nane lilikuwa bado kizingitini. Ni miaka kumi na mmoja ya mizigo yako, Seini, na hakuna kilichotupwa. Nilikuwa najua yamo. Siku za ukaguzi nilikuwa naanzia nyumba za wengine, na yetu naiandika mwenyewe daftarini kuwa safi; safari hii daftari alilishika Fusi.

“Mwenyekiti,” Fusi akasema, “hapa tuandike chumba au ghala? Kumbe kweli mganga hajigangi.”

Wenzake walicheka. Masikio yaliniwaka moto kwa aibu, na mama alikuwa amekaa palepale kitandani akisikia.

Kesho yake niliingia chumbani kwa mama na toroli, nivitoe. Mama akakaa juu ya pipa la kwanza, fimbo mapajani. Nilimweleza habari za shimo na moshi, na zile nyumba tisa nilizozitia aibu.

“Vyote hivi Seini amevishika kwa mkono wake,” akaniambia. “Wewe unaona taka, mwanangu. Mimi Seini niliye naye ni huyu.”

Nikalirudisha toroli tupu. Jumatatu mkutanoni nitasimama niitaje nyumba yetu kwa mdomo wangu, pamoja na ile hila ya daftari. Wakitaka mwenyekiti mwingine, wamchague.

Kwa hiyo nakuomba usitume pipa tena, hata la Krismasi. Najua kila mwaka unasema utakuja ukishakusanya vya kuutosha ukoo, mchungaji na majirani, maana kwetu mtu harudi akipunga mikono. Najua pia nani alikutia maneno hayo kichwani. Baba alipofariki ulitaka kupanda ndege siku ileile, na mimi ndiye niliyekuambia kwenye simu kwamba mkono mtupu haulambwi, usubiri upate vya kuweka msibani. Ukasubiri. Baba akazikwa, kisha likaja pipa. Ndilo hilo la kwanza, analolikalia mama.

Nilikosea, mdogo wangu. Niliogopa maneno ya watu, nikakunyima maziko ya baba yako. Maneno yenyewe nimeyapata Alhamisi, na asubuhi yake niliamka nikachota maji kama kawaida.

Njoo. Usinunue kitu. Nimezungumza na mama, naye amekubali kwa sharti moja: siku utakayoingia mlangoni wewe mwenyewe, vyote vitoke jioni hiyohiyo. Mapipa tutakingia mvua, makopo nitaoteshea miche, na kinachofaa kuyeyushwa kitaondoka na meli. Mimi nilisema mkono mtupu haulambwi. Wako, mama anautaka hivyohivyo.

Nisalimie Sitani, na watoto Lute na Maka. Shangazi Kalolaine mwambie mkeka wake umekwisha kusukwa, unangoja mtu wa kuubeba tu, na mtu huyo ningependa awe wewe ukirudi huko.

Mungu awalinde, na akulete mapema, mama angali na nguvu ya kuinuka juu ya pipa hilo akupokee.

Wako akupendaye, dada yako aliyekuchelewesha,
Lesieli