Kila Taarifa Hupitia kwa Mkuu

Jumanne, 4 Machi

Taarifa 412 za rushwa zimeingia kwenye programu mpya ya simu ndani ya wiki tatu. Kasema msemaji wa wizara jana. Leo habari iko ukurasa wa tatu wa gazeti letu, chini ya jina langu, pamoja na namba ya kutuma taarifa. Mtoa taarifa hajulikani na yeyote — maneno ya msemaji, nimeyanukuu.

Mchana dada kapiga simu. Ni muuguzi wa kituo cha afya. Kasoma, naye katuma picha kwenye programu hiyo: maboksi ya dawa za wagonjwa yakipakiwa kwenye gari la bosi wake, mganga mfawidhi. Nikamwambia kafanya vyema, yuko salama.

Jumatano, 5 Machi

Dada kaitwa ofisini. Picha yake iko mezani kwa mganga! Imechapishwa kwa rangi, namba yake ya simu chini. Mganga kamsifu: simu yako inapiga picha vizuri, dada. Wenzake tayari wanamwita Bi Kamera.

Nimemuuliza mara mbili kama alimwonyesha mtu. Hata shemeji hajaiona.

Miaka ishirini na mbili ya kazi hii. Nimeanza kuulizia nani kaitengeneza programu ile.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemfuata mtaalamu aliyeutengeneza mfumo. Chumba juu ya duka la vioo, feni haizunguki. Nilitarajia udukuzi, au mtu kahongwa. Hapana — hakuna aliyeiba kitu. Wizara ilimpa waraka wa mawasiliano, akaufuata: barua ya mtumishi hupitia kwa mkuu wake wa kazi. Basi kila taarifa huenda yenyewe, kwanza, kwa mkuu wa ofisi iliyotajwa.

Na namba ya mtumaji?

"Sasa bila namba, mkuu atamjibu nani?"

Hakuwa anatania. Akanikaribisha chai.

Taarifa sasa ni 560. Nimemwomba mhariri aiondoe namba kwenye gazeti la kesho. Kasema ukurasa umeshakwenda mtamboni.

Saa kumi na moja jioni dada kaja na barua ya wito wa kikao cha nidhamu. Kosa: kutoa siri za ofisi. Mwenyekiti wa kikao: mganga mfawidhi. Hakulia. Kakaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini.

"Kaka, wakiniuliza nani aliniambia ni salama, nimtaje nani?"

Kikao ni kesho, saa nne asubuhi.